Rangi ya skrini kwenye kumbi za makumbusho: dalili, chanzo na tiba

Ukuta uliopakwa rangi ya skrini, yaani rangi inayougeuza ukuta kuwa skrini ya projekta, unapendwa kwenye maonyesho makubwa kwa sababu hauna fremu, hauna mshono, na picha ya mita 10 huonekana kama imezaliwa palepale ukutani. Ukiharibika, unaharibika mbele ya wageni wote, na kinacholaumiwa kwanza ni rangi. Nimeitwa mara nyingi kutazama kuta za namna hii, na mara chache tu kosa lilikuwa kwenye kopo. Lilikuwa kwenye puti iliyo chini ya rangi, kwenye taa ya ukumbi, au ndani ya projekta. Kazi ya rangi hii ni kurudisha mwanga, basi hurudisha pia makosa ya kila fundi aliyegusa ukuta kabla yake.

Dalili zilizo hapa chini ndizo ninazoletewa mara kwa mara. Katika kila dalili nimetanguliza chanzo kinachotokea sana, na ukaguzi rahisi unatangulia kazi nzito.

## Kwanza: je, tatizo liko ukutani?

Kabla ya kununua kopo jingine, fanya majaribio matatu.

Sogeza picha. Tumia kitufe cha kusogeza lenzi. Doa likibaki palepale, ni la ukuta. Likihama pamoja na picha, ni la projekta au la faili, na rangi haina kosa.

Tambaza tochi. Zima projekta na taa zote, kisha ulaze tochi ubavuni mwa ukuta ili mwanga utambae juu yake. Kila bonde, kila tuta na kila mstari wa rola utajitokeza kwa kivuli chake.

Tembea. Washa picha ya rangi moja, anza mwisho mmoja wa ukuta na uende polepole hadi mwisho mwingine bila kuondoa macho kwenye kasoro. Kasoro inayobadilika kadiri unavyotembea inatokana na namna uso unavyorudisha mwanga. Isiyobadilika mara nyingi ni ya mwanga wenyewe au ya kilichochorwa ndani ya picha.

Kwa majaribio yote haya tayarisha picha tatu: nyeupe tupu, kijivu cha katikati na nyeusi tupu. Ile ya kijivu ndiyo yenye manufaa zaidi, kwa sababu weupe mkali humeza madoa mengi. Ukitaka kupiga picha za ushahidi kwa simu, funga kwanza mwangaza wa kamera usijirekebishe wenyewe, la sivyo simu itasawazisha kila kitu na utadhani ukuta umepona.

## Madoa yasiyohama picha inapotembea

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na ndilo linaloniuma zaidi, maana karibu kila mara lingeweza kuepukwa.

Nakumbuka ukuta mmoja wa mita 8 uliokuwa ukionyesha filamu ya anga, mawingu yakipita taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Wageni walikuwa wakiuliza ule mwezi una maana gani. Filamu haikuwa na mwezi. Kulikuwa na duara hafifu, ukubwa wa kiganja, mawingu yakipita juu yake nalo limeganda mahali pake. Nilipotambaza tochi nikaona mistari ya brashi imelala upande mmoja, ilhali sehemu nyingine yote ya ukuta ilikuwa na vipele vidogo vya rola. Mtu alikuwa ameng'oa msumari, akaziba tundu kwa puti, akapaka rangi ileile ya kopo lilelile kwa brashi ya inchi moja. Rangi ilikuwa sahihi kabisa. Ila puti iliinywa haraka kuliko ukuta uliokuwa pembeni yake, na brashi haiachi uso kama wa rola. Hayo mawili yalitosha kutengeneza mwezi.

Kwa hiyo chanzo cha kwanza ni viraka vya marekebisho. Cha pili ni kile kile kwa ukubwa: ukuta wote ulipakwa bila praima, ile rangi ya msingi inayotangulia, basi viungo vya bodi za jipsamu vilivyopigwa puti vinakunywa rangi kwa namna moja na karatasi ya jipsamu kwa namna nyingine, na picha ya kijivu inakuonyesha ramani nzima ya viungo. Cha tatu ni mistari ya wima yenye upana wa rola, ambayo hutokea fundi anaporudi juu ya rangi iliyoanza kukauka. Cha nne ni makopo ya matoleo tofauti yaliyofunguliwa moja baada ya jingine. Hapo utaona mpaka ulionyooka mahali kopo moja lilipoisha.

Tiba ni moja kwa vyote vinne, na haina njia ya mkato. Usipake doa peke yake. Piga msasa laini, namba 220 hivi, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, tia praima mahali palipozibwa au palipo wazi, kisha vuta mkono mzima wa rangi kutoka kona hadi kona. Ukipaka nusu ya ukuta, umebadilisha doa kuwa mstari.

Wakati wa kupaka, mimina makopo yote kwenye ndoo moja kubwa na kukoroga pamoja kabla ya kuanza. Ukuta mkubwa unataka mafundi wawili au zaidi: mmoja anatangulia kukata kingo kwa brashi, mwingine anamfuata kwa rola, na ukingo wa rangi unabaki mbichi hadi mwisho wa ukuta. Zima feni na kiyoyozi kinachopuliza upande huo. Mapumziko ya chai yangoje hadi mkono ufike kona.

## Vipele, mabonde na vivuli vidogo

Picha inaonekana imetulia ukiwa mbali, lakini maandishi yanacheza kama yako juu ya maji. Uliza kwanza aina ya projekta. Zile za masafa mafupi sana, zinazokaa karibu kabisa na ukuta, hurusha mwanga ukiwa umelala, na mwanga uliolala hufanya kazi ileile ya tochi yako: bonde dogo ambalo projekta ya mbali isingeliona hutupa kivuli na kupinda mistari iliyonyooka. Kama ukumbi unaruhusu kuirudisha projekta nyuma na kutumia lenzi nyingine, hiyo ni nafuu kuliko kuufumua ukuta.

Isipokuwa hivyo, angalia rola. Manyoya marefu huacha vipele kama ganda la chungwa; kwa kazi hii tumia manyoya mafupi, kati ya milimita 5 na 10. Bunduki ya rangi pia huleta vipele hivyo ikishikwa mbali mno au rangi ikiwa nzito. Piga msasa hadi tochi isione kitu, kisha rudia mkono wa mwisho.

Chanzo cha ndani zaidi ni ukuta ambao haukuskimiwa, yaani kupakwa tabaka jembamba la puti, uso mzima. Wengi huskimu viungo na vichwa vya skrubu tu, jambo linalofaa kwa ofisi. Kwa skrini, uso wote unapaswa kupita chini ya mwiko. Katika viwango vya kumalizia jipsamu vinavyotumika Marekani, huo ni wa 5, wa juu kabisa, na ndio unaopaswa kuandikwa kwenye mkataba kabla kazi haijaanza. Ubao wenyewe ukicheza unapoubonyeza kwa kiganja, acha puti na msasa. Mwite fundi wa ukuta atazame fremu iliyo nyuma.

## Picha imefifia, weusi umekuwa kijivu

Hapa watu hukimbilia rangi ya bei kubwa zaidi. Nakusihi upige hesabu kwanza.

Gawa lumeni za projekta, yaani jumla ya mwanga inaoutoa, kwa eneo la picha katika mita za mraba. Jibu ni luksi zinazofika ukutani. Picha ya mita 4 kwa 2.25 ina mita za mraba 9, hivyo projekta ya lumeni 6,000 inaipa takriban luksi 667. Itanue iwe mita 8 kwa 4.5: eneo ni mita za mraba 36, na luksi zimeshuka hadi 167. Upana umeongezeka mara 2, mwanga umebaki robo.

Sasa ongeza taa za ukumbi. Kwa karatasi, nguo na vitu vingine vinavyoliwa na mwanga, kikomo kinachofuatwa sana na wahifadhi ni luksi 50. Luksi hizo 50 zikimwagikia skrini pia, sehemu nyeupe ya picha kubwa inapata 217 na sehemu nyeusi 50. Weupe ni kama mara 4 tu ya weusi, na usiku wa filamu yako utafanana na ukungu. Zuia taa hadi ukuta upate luksi 5 tu, na uwiano unapanda hadi mara 34. Hakuna kopo linaloweza kukupa hatua kubwa namna hiyo.

Kwa hiyo ukaguzi uende hivi. Zima taa moja moja huku picha nyeusi ikiwa ukutani, uone ni ipi inayoumwagikia. Mara nyingi ni taa ya lebo au ya kabati la jirani, na kuizungusha kidogo au kuivika kofia kunamaliza kesi. Fuata madirisha, na uyakague saa tofauti za siku. Kisha safisha kichujio cha hewa cha projekta na kioo cha lenzi. Tazama saa ilizokwisha kufanya kazi: muda wa maisha unaotangazwa na watengenezaji kwa kawaida ni ule wa kufika nusu ya mwangaza wa awali, kwa hiyo projekta inayowaka bado inaweza kuwa imepoteza nusu. Mwisho tazama sakafu na dari. Sakafu nyeupe inayong'aa huchukua mwanga wa picha na kuurudisha ukutani.

Kuhusu rangi ya kijivu niseme wazi, maana inauzwa kwa ahadi nyingi. Kijivu kisichong'aa hupunguza mwanga wa projekta na mwanga wa taa kwa kiwango kilekile, hivyo uwiano kati ya picha na taa ya ukumbi haubadiliki. Inasaidia mahali pawili: weusi wa projekta wenyewe unakuwa mzito zaidi machoni, na mwanga unaotoka skrini, ukagonga ukuta wa pili na kurudi, unakatwa mara mbili. Kwenye chumba chenye giza na kuta nyeupe, faida hiyo ni ya kweli. Kwenye ukumbi wenye taa zinazomwagika juu ya skrini, kijivu kitakupa picha ileile ikiwa hafifu zaidi. Rangi zenye chembe za kurudisha mwanga kwa mwelekeo hupunguza mwanga wa pembeni, lakini hudai malipo yake, kama dalili mbili zinazofuata zinavyoonyesha.

## Katikati panawaka, pembeni giza

Tembea. Mwanga huo ukikufuata kama mwezi unavyomfuata msafiri, tatizo ni geini.

Geini ni kipimo cha mwanga unaorudi kutoka kwenye skrini, ukilinganishwa na uso mweupe wa mfano unaousambaza sawasawa kila upande. Uso huo wa mfano umepewa 1. Rangi ya geini 1.5 haizalishi mwanga mpya. Inauondoa pembeni na kuurundika mbele. Kwa mtu aliyekaa kwenye kiti kimoja sebuleni, sawa. Kwenye ukumbi wa makumbusho watu wamesimama kila mahali, watoto wako karibu na ukuta, mzee kwenye benchi la pembeni, na kila mmoja anaona picha yake.

Kabla ya kulaani rangi, uliza kama kuna aliyepaka vanishi juu yake ili ipanguswe kirahisi. Nimeikuta hiyo mara mbili, na vanishi hugeuza rangi nzuri kuwa kioo. Kama haipo, kurudisha projekta nyuma hupunguza tatizo kidogo. Dawa kamili ni kuparuza uso kwa msasa, kutia praima na kupaka rangi isiyong'aa kabisa ya geini 1 au chini yake kidogo.

Mwanga usiokufuata unatoka kwenye projekta au lenzi yake. Hilo ni la fundi wa projekta.

## Mkanda unaoonekana projekta mbili zinapokutana

Kwenye kuta ndefu, picha za projekta jirani hulaliana, mara nyingi kwa asilimia 10 hadi 20 ya upana, na kila moja hufifishwa taratibu katika eneo hilo ili jumla iwe sawa. Mkanda ukijitokeza, jaribio la kutembea linaamua kesi.

Mkanda unaoonekana kwenye matukio ya giza tu, na haubadiliki ukitembea, hautokani na rangi. Projekta haina weusi kamili. Huvujisha mwanga kidogo, na mahali zinapolaliana uvujaji unakuwa mara mbili. Kuna mpangilio wa kuinua weusi wa sehemu nyingine ulingane na ule wa mkanda. Mwombe aliyefunga mfumo aufanye upya, chumba kikiwa na giza.

Upande mmoja ukiwa wa manjano na mwingine wa buluu, projekta hazijalinganishwa au moja imezeeka kuliko mwenzake.

Mkanda ukitoweka mahali fulani na kurudi unaposogea, hapo rangi ndiyo mkosaji. Projekta mbili zinapiga ukuta kutoka pembe mbili, na uso wa geini ya juu unarudisha kila mwanga upande wake. Hakuna mpangilio utakaolingana kwa watazamaji wote. Kwa ukuta wa projekta zaidi ya moja, pamoja na kuta zilizopinda, sichagui kamwe rangi ya geini iliyozidi 1.

Simama hapa: usipande ngazi mbele ya projekta ya leza inayowaka ili "kuona vizuri". Zenye nguvu kubwa, za kundi la 3 la hatari, zina umbali ambao jicho halipaswi kuwa ndani ya mwale wake. Kazi zote za mbele ya lenzi zifanywe ikiwa imezimwa, na kuhamisha mahali ilipofungwa ni kazi ya fundi aliyefunzwa.

## Rangi za picha zimeegemea upande mmoja

Mara nyingi ni mpangilio wa picha uliochaguliwa, ule mkali wenye ukijani. Badilisha kwanza. Kisha tazama kuta za jirani: ukuta mwekundu utaupaka mwekundu mwanga wote wa chumba. Kijivu kilichochanganywa dukani kwa macho huwa na ubuluu au ukahawia. Ukiwa mdogo unasawazishwa kwenye projekta kwa kipimo cha rangi, ukilenga nyuzi 6,500 za Kelvin. Ukiwa mkubwa, paka upya. Kusawazisha kwa kupunguza rangi moja kunakula mwangaza.

## Punje zinazometameta kwenye weupe

Tazama anga nyeupe kwa karibu: kama mchanga mwembamba unaochemka na kubadilika kichwa kinaposogea, projekta ni ya leza na mawimbi yake yanagongana. Uso wenye chembe za metali au mika, madini yanayometameta, huzidisha hali hiyo. Punje zisizohama ni chembe hizo zenyewe, ambazo hazikukorogwa vizuri. Rangi isiyo na chembe huziondoa hizi na kupunguza zile za leza.

## Malengelenge, kubanduka na unga mweupe

Unyevu ndio mkosaji wa kwanza. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa tepu na ukiache saa 24. Kikilowa upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani. Unga mweupe ni chumvi inayosukumwa nje na unyevu huohuo. Lipu mpya ya saruji inataka kama siku 28 na iwe imekauka kweli, kisha praima inayostahimili alkali.

Wa pili ni rangi ya mafuta iliyo chini, ambayo haikuparuzwa. Chora vyumba vidogo vya mraba kwenye rangi kwa wembe, bandika tepu, ivute ghafla. Vyumba vikitoka na tepu, tabaka lote halina mshiko na lazima liondolewe. Wa tatu ni kupaka kwenye baridi: ukuta uwe juu ya nyuzi 10, na angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kujikusanya.

Hapa pana sehemu nne za kusimama bila mjadala. Chanzo cha maji kikiwa hakijulikani, mwite mtaalamu wa majengo kabla ya kuparuza. Jengo likiwa la zamani, usipige msasa hadi rangi yake ipimwe madini ya risasi na lipu ipimwe asbesto. Vumbi lake linaua polepole. Soketi au nyaya zikiwa ndani ya eneo lenye unyevu, umeme ukatwe na fundi umeme. Na ukuta ukiwa na michoro au lipu ya kihistoria, usiuguse kabisa. Jenga ukuta wa mbao na jipsamu mbele yake, unaojisimamia, upake huo.

## Sehemu ya chini imekuwa na mng'ao

Ni mabega, mikono na mabegi. Rangi isiyong'aa ikisuguliwa hulainika na kung'aa, na kuifuta kwa kitambaa kikavu kunaongeza mng'ao. Vumbi liondolewe kwa brashi laini au mashine ya kunyonya yenye kichwa cha manyoya. Alama zikishakuwepo, ni mkono mpya wa rangi ukuta mzima. Weka kizuizi cha chini, au pandisha picha ianze juu ya kiwango cha bega la mtoto.

## Harufu haiishi, na kuna vitu vya kuhifadhi karibu

Ukumbi unaonuka wiki 2 baada ya kupakwa mara nyingi haukupewa hewa ya kutosha, au rangi ilipakwa mikono minene ambayo haikukauka katikati. Fungua hewa na usubiri. Ila kukosekana kwa harufu puani hakumaanishi usalama kwa fedha, shaba au risasi. Mvuke usionusika unaweza kuzila. Rangi za mafuta ndizo zenye hatari zaidi, za akriliki za maji zina nafuu.

Uamuzi huu ni wa mhifadhi. Ana jaribio lililoanzishwa na Andrew Oddy wa British Museum mwaka 1973: sampuli ya rangi iliyokauka hufungiwa pamoja na vipande vya fedha, shaba na risasi kwenye chombo chenye unyevu, kwa nyuzi 60 na siku 28, kisha vipande hukaguliwa kama vimeota kutu. Siku 28 ni ndefu, kwa hiyo mpe sampuli mapema: paka mikono ileile kwenye kipande cha kioo, ikauke, andika namba ya toleo la kopo nyuma yake, na umkabidhi kabla ukuta haujaguswa. Hadi majibu yatoke, makabati yabaki yamefungwa mbali na ukumbi huo.